Nilivyoachiwa Bibi wa Ruwan Nimlinde Mlimani

Tangu nirudi hapa kambini Muhaisnah, Dubai, mmekuwa mkiniuliza kilichotokea kule Sri Lanka, kwa sababu Ruwan mkimuuliza anacheka tu na kusema, "Muulizeni Athumani." Mimi kusema mbele za watu siwezi, mnanijua. Nikifungua mdomo tu, Bakari wa Mombasa anadakia, "Hebu twambie, ndugu, ulikwenda kuabudu masanamu?" Chumba kizima kinacheka, nami nayameza maneno yangu. Kwa hiyo nimeona niandike. Naandika polepole, shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Anayejua kusoma awasomee wengine. Na Ruwan akidai haikuwa hivi, kumbukeni kwamba mambo mengi yalitokea yeye hayupo.

Kutoka kambini hadi kwenye ndege

Habari za tiketi na karatasi naziacha. Naanzia kwenye mizigo. Kila Msrilanka wa kampuni yetu aliposikia Ruwan anakwenda likizo, alileta kifurushi cha kwao: maziwa ya unga, sabuni, mafuta ya kuchua, blanketi zito lenye picha ya chui. Sisi kazi yetu ni kuhamisha watu. Tunapandisha friji na makabati kwenye magorofa ya Al Barsha lifti zikiwa zimekufa, lakini mzigo kama ule sijapata kuuona. Wakanipa mimi robo tatu yake, kwa sababu sina wa kumpelekea kitu kule, na kwa sababu sijui kukataa.

Basi la kampuni lilisema litatupitisha uwanja wa ndege baada ya kuwachukua wasafishaji wa zamu. Dereva akasema, "Khamsa dagiga," dakika tano. Tukakaa humo na mablanketi mapajani mpaka nikaanza kuhisi chui ananipumulia.

Sasa, kwa nini nilikwenda? Mnakumbuka makabati yalivyomwangukia Ruwan ghalani Dubai Investments Park, akalala hospitali bila fahamu. Habari ilipofika kwao, bibi yake mzaa mama aliweka nadhiri: mjukuu akifumbua macho, yeye ataupanda mlima mtakatifu kwa miguu yake mwenyewe, apeleke sarafu iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Ruwan akafumbua macho. Lakini kabla hajapata likizo ya kwenda kusimama karibu naye siku ya kuitimiza, magoti ya bibi yakaharibika, na daktari akampiga marufuku ngazi. Nadhiri ikabaki inaning'inia. Bibi alikuwa akimwambia kwenye simu, "Usirudi kazini huko kabla sijapanda. Mlima haujapata haki yake." Sasa likizo imekuja, na Ruwan alinialika nimsindikize, maana siku ile ghalani mimi ndiye niliyempigia mama yake simu, na nyumba nzima inanijua kwa sauti.

Nilikuwa na sababu yangu pia, ila sikumwambia mtu. Juu ya mlima ule kuna alama ya unyayo. Wenyewe wanasema ni wa Buddha, na ndio maana mahujaji wanaupanda tangu zamani za wafalme wao. Lakini mwalimu wangu wa chuoni, kule Pangani, alitufundisha kwamba Baba Adam alipotolewa peponi alishukia mlima wa Sarandibu, na Sarandibu ndiyo hiyo Sri Lanka. Nilipomuuliza Ruwan kijuujuu kama na watu wa dini nyingine wanapanda, akasema kule hakuna ugomvi, kila mtu anapanda na imani yake na foleni ni moja. Nikageuza mazungumzo. Lakini moyoni nilikuwa nimekwishafika juu.

Nyumbani kwa kina Ruwan

Tulifika kijijini asubuhi. Ruwan hakumkumbatia bibi yake. Alipiga magoti, akainama akamgusa miguu kwa viganja viwili, na bibi akamwekea mikono kichwani. Nikaona, kumbe sisi shikamoo tunaisema kwa mdomo, wenzetu wanaifanya kwa mikono. Zamu yangu ilipofika nilifanya yote mawili, nikapiga magoti na kusema shikamoo. Bibi akacheka akanivuta sikio.

Ni mwanamke mfupi, mwembamba kama mwiko, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni. Wao walimwita Achchi, yaani bibi. Mimi nilimwita Mama, kwa sababu nitakayoisema sasa hivi.

Nilikuwa nimewaletea zawadi yangu mwenyewe, makopo ya samaki, mazuri kabisa. Nilipoyapanga mezani watu wakaacha kuongea. Ruwan akaninong'oneza kwamba anayejiandaa kwenda mlimani anaacha nyama na samaki siku kadhaa, na nyumba ile ilikuwa imekwishaanza. Mlango, madirisha, vyungu, vyote vimesafishwa, na mimi nimemimina samaki katikati. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akakusanya makopo yote kwenye kanga yake, akayasukuma chini ya kitanda chake, akanigeukia na kusema:

"Baaden."

Baadaye. Kwa Kiarabu cha hapa hapa. Kumbe bibi huyu alipokuwa na nguvu alifanya kazi za ndani Kuwait miaka mingi, ndivyo alivyowasomesha watoto. Wale wa nyumbani walidhani amekwishakisahau Kiarabu chake. Hakukisahau. Alikosa tu mtu wa kumwamrisha.

Tangu saa ile nikawa wake, nami nikamwita Mama, kama watumishi wa kule Uarabuni wanavyomwita mwenye nyumba. "Taal," nakwenda. "Jib moya," naleta maji. Alikuwa akinitazama nikikimbia huku anatabasamu, na Ruwan akaniambia, "Miaka yote madam wake alimwambia yalla, yalla, twende haraka. Anafurahi kumpata wa kumwambia na yeye."

Chakula chao cha baraka ni wali uliopikwa kwa tui zito, ukasawazishwa kwenye sinia na kukatwa vipande kama sabuni ya mche. Nilijisikia niko kwetu. Pembeni palikuwa na kitu chekundu nikadhani ni rojo ya nyanya, nikakichota kwa kijiko. Kilikuwa pilipili iliyosagwa na kitunguu. Sikupiga kelele. Machozi yalitoka yenyewe, na mama yake Ruwan akaguswa sana, akadhani nimekumbuka nyumbani, akaniongeza.

Kwa treni hadi Hatton

Msafara wa mlima una kiongozi, na wetu alikuwa mjomba wake Ruwan, nami nikamwita Mjomba kama alivyomwita yeye. Mtu mnene, mwenye kauli, aliyepanda mara nyingi na anayetaka ijulikane. Stesheni alitukusanya: Bibi, mama yake Ruwan, Ruwan na mimi, akatoa masharti. Ruwan alinitafsiria. Usiulize kama bado mbali. Usiseme umechoka. Usilalamike kwa lolote. Anayepanda mara ya kwanza aongozwe na aliyekwishapanda, na amtii. Kwetu jandoni ilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo sikuona tabu.

Treni ilijaa mpaka milangoni. Wachuuzi walipita na bajia za dengu zilizofungwa kwenye kurasa za madaftari ya shule. Yangu ilikuwa imefungwa na hesabu za mtoto fulani, zote zimetiwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Nikamhurumia huku natafuna.

Tulipoanza kupanda milima treni ikasimama. Mti ulikuwa umeanguka relini. Tukakaa. Nje ni chai tupu, mlima baada ya mlima umechanwa mistari kama kichwa kilichosukwa. Watu wakashuka wakanywa chai, wengine wakaimba nyimbo za hija, Bibi akasinzia begani kwangu. Mjomba akaanza: serikali hii, reli hii, tangu asubuhi hatujala cha maana, mgongo unauma. Bibi akafumbua jicho moja, akasema kitu kifupi, akalifumba tena. Behewa zima likacheka. Nilimuuliza Ruwan, akasema, "Amemuuliza Mjomba kiongozi wetu wa msafara yuko wapi, maana huyu anayelalamika hawezi kuwa yeye."

Mtoni

Kutoka Hatton tulipanda basi mpaka chini ya mlima, tukalala katika banda la mahujaji. Asubuhi tukavaa nguo nyeupe na kuanza kutembea. Mwanzo wa njia ni mwepesi, vibanda vya peremende na kofia za sufu, kisha unafika kwenye kijito chenye maji baridi ambako mahujaji wanaoga kabla ya kupanda. Ngazi zenyewe zinaanzia hapo.

Bibi alikuwa ameomba afikishwe hapo tu, aoge, awaage wanaopanda. Mjomba alikuwa na shauri lake, na kwao linakubalika: mtu mgonjwa anaweza kupelekewa nadhiri yake na ndugu. Akanyoosha mkono. Bibi akamkabidhi kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Alikitoa kwa upole, na mama yake Ruwan akafuta macho. Mimi nilimtazama Bibi nikaona ametulia mno. Friji likitulia mno ujue uzito umehamia upande wako, lakini hilo nililiwaza baadaye.

Likabaki swali moja. Nani atabaki naye kwenye banda la chai mpaka kesho watakaposhuka? Kila mmoja ana thawabu zake anazozitafuta juu. Macho yakatembea yakanifikia mimi. Mimi si wa dini yao. Nina nguvu. Sina maneno.

"Athumani," Ruwan akasema, ameona haya kidogo, "utakaa na Achchi? Asipande hata ngazi moja. Nimekukabidhi."

Nilitaka kusema, rafiki yangu, na mimi nina unyayo wangu kule juu. Nikasema, "Zein. Hamna shida."

Wakaenda. Mjomba alitangulia, kitambaa ameshika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Mimi na Bibi tukakaa kwenye benchi. Niliutazama ule mlima kwa macho ya mtu anayetazama chungu cha jirani. Bibi alikuwa ananitazama mimi.

Hapa ndipo lilipo kosa la kina Ruwan. Waliangalia nguvu zangu na upole wangu, wakaona nafaa kuwa mlinzi. Hawakujiuliza mtoto aliyelelewa Pangani anawezaje kumlinda bibi kizee asifanye anachotaka. Kwetu mkubwa akisimama wewe umekaa, umekosa adabu. Akikutuma, huulizi. Akiondoka, unamchukulia mzigo wake. Ukitaka mtu wa kumzuia mwanamke wa umri ule, muweke polisi, usiniweke mimi.

Bibi alimaliza chai yake, akafuta mdomo, akachukua mwavuli wake. Akasimama. Na mimi nikasimama.

"Yalla," akasema.

Nikachukua mfuko wake.

Kutoka mtoni hadi penye sindano

Nilijaribu. Baada ya ngazi chache nikasema, "Mama, Ruwan kasema hapana." Akanijibu bila kugeuka kwamba Ruwan alizaliwa mikononi mwake. Hoja ikaisha.

Alipanda polepole, mguu mzuri kwanza, ule mbovu unafuata, mwavuli mkono mmoja, mkono wangu upande wa pili. Kila alipotaka kupumzika alijifanya anatazama maua. Nilihesabu maua mengi siku ile. Watu waliotupita walimuuliza kitu, naye akawa ananinyooshea mimi mwavuli, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Mwenye kibanda kimoja alikuwa anajua Kiingereza, akaniambia, "Bibi yako anasema wewe ni mara yako ya kwanza, huna wa kukuongoza, ndiyo maana amelazimika kuja." Akanipa kipande cha sukari guru kunipa moyo. Nikakipokea. Ningesemaje?

Vijana wenye simu kwenye fimbo za kujipigia picha wakataka kupiga picha na mimi, mgeni mweusi aliyevaa nyeupe. Mimi nilijificha nyuma ya mwavuli. Bibi akaushusha mwavuli, akaingia katikati, akatengeneza nywele.

Kuna mahali panaitwa penye sindano. Wanasema Buddha alikaa hapo akashona joho lake, na anayepanda mara ya kwanza anatunga uzi kwenye sindano, anaufunga hapo, kisha anapanda huku anauachia uzi nyuma yake. Nyuzi zilikuwa nyingi kama utando wa buibui. Bibi akaninunulia kibonge cha uzi. Nikamwambia mimi dini yangu nyingine. Akasema hata yeye Kuwait alikuwa akipika futari mwezi mzima, na mkono wake haukuanguka. Nikachukua uzi, nikauona ni uzi tu.

Lakini adabu ikanitia taabuni tena. Anayefungua uzi anatakiwa atangulie, nami siwezi kumpita mkubwa nikampa kisogo. Nikabaki nyuma yake nafungua uzi, kila akipumzika ananizunguka atazame maua upande wa pili, na baada ya muda tulikuwa tumefungwa pamoja kama vifurushi vya uwanja wa ndege. Mtawa mmoja aliyekuwa akishuka alisimama akatufungua bila hata kutabasamu. Alipokwenda ndipo tulipocheka, Bibi mpaka akashika ubavu.

Hapo simu yangu ikalia. Ruwan.

"Achchi yupo?"

"Yupo hapa. Amekaa." Alikuwa amekaa, kwenye ngazi.

"Amekula?"

"Amekula sukari guru."

"Analalamika?"

"Hata kidogo."

"Mwambie asizunguke-zunguke."

Nikamwambia Bibi asizunguke-zunguke. Akatikisa kichwa kukubali, akasimama, tukaendelea kupanda moja kwa moja. Nilisema kweli tupu siku ile, na sijawahi kujisikia mwongo kama vile.

Ngazi za mwisho

Kichekesho kiliisha ngazi zilipokuwa wima. Huko juu wameweka vyuma vya kushika pembeni, na ngazi zimesimama kama zile za kupandia tangi la maji. Ukungu ukashuka, jua likaanza kupoa. Bibi alishika chuma, akainua mguu mzuri, na ule mbovu ukakataa. Akajaribu tena. Akakaa chini taratibu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, mikono baridi kama imetoka kwenye friza.

Nilimvika sweta langu. Nikasema nimbebe, tunabeba vizito kuliko yeye kila siku. Akanipiga mwavuli wa bega. "Miguu yangu," akasema. "Nadhiri ni ya miguu yangu."

"Basi nampigia Ruwan."

Kabla sijabonyeza alininyang'anya simu akaitia kifuani, ndani ya blauzi. Mtu mwenye akili. Alijua kabisa pale mimi sitapeleka mkono hata mlima uwake moto.

Kisha kutoka mahali hapo hapo akatoa kitambaa cheupe chenye fundo. Nilikitambua. Nikasema, "Lakini kile Mjomba amekichukua." Bibi akafungua fundo anionyeshe: sarafu ya zamani, nyeusi kwa kushikwashikwa. Akaniambia kwamba alichobeba Mjomba ni kifungo cha shati la marehemu mumewe. Akasema shati lilikuwa zuri.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akawa ananieleza kwa Kiarabu chetu kile cha jikoni, maneno machache. Siku ya simu ile mtoto alikuwa amekufa nusu. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa, akatoa miguu yake. Sasa wanamtaka audai mlima rehema kwa miguu ya mtu mwingine, halafu mtoto arudi kwenye makabati yale yale. "Mafi," akasema. Haiwezekani.

Nikaogopa, nawaambia kweli. Nikirudi nyuma, njia ni ndefu na magoti yake kwenye kushuka ndiyo mabaya zaidi. Nikikaa, baridi itamuua mikononi mwangu, na nitamwambia nini Ruwan, kwamba bibi yake alinituma? Nikimbeba kwa nguvu, atakuwa hai na hatanisamehe, na hatakuwa na amani mjukuu wake akipanda ndege.

Ndipo nikawaza kazi. Mnajua kabati refu kwenye ngazi nyembamba tunalifanyaje. Hatulibebi. Tunaliegemeza mgongoni, mtu anatazama chini, anasukuma kwa mgongo ngazi moja, anapumzika, ngazi moja, anapumzika. Kabati linapanda lenyewe, wewe unalizuia tu lisirudi. Nikamsimamisha Bibi, mikono yake miwili kwenye chuma, uso juu. Mimi nikamgeuzia mgongo, tukaegemeana mgongo kwa mgongo, nami natazama bondeni. Mdogo amempa kisogo mkubwa, ndiyo, lakini na yeye alikuwa amenipa chake.

"Mama," nikamwambia, "sasa wewe kabati."

Nilisikia mgongo wake ukicheka. Akainua mguu, nikasukuma. Ngazi moja. Akapumua. Ngazi nyingine. Mguu ulikuwa wake, kuinua kulikuwa kwake, mimi nilikuwa ukuta tu. Nilipanda mlima ule kinyumenyume, nikiiona nchi yote ikishuka mbele yangu, mabwawa, chai, ukungu, na nyuso za mahujaji waliokuwa chini yetu wakishangaa. Hakuna aliyetucheka. Mzee mmoja akaanza wimbo, wengine wakaitikia, na Bibi akawa anapandisha mguu kwa mapigo ya wimbo.

Baada ya muda mrefu akasimama asisogee. Nikangoja. Nikasukuma kidogo, hasogei. Nami kwa sababu nilikuwa nimezoea, na uchovu umenitoa haya, nikasema kwa sauti kubwa kabisa, "Yalla, Mama. Yalla, yalla."

"Athumani," ikajibu sauti ya Ruwan, juu ya kichwa changu.

Juu

Nilipogeuka niliwaona wote watatu wamesimama kwenye ngazi, Mjomba katikati. Ruwan alikuwa amepiga simu tena na tena, ikawa inalia kifuani kwa Bibi, wimbo umeifunika, haipokewi, wakaanza kushuka kututafuta.

Mjomba alifoka. Sikuhitaji tafsiri, lakini Ruwan alinitafsiria hata hivyo, uso umekunjamana: "Anasema tulikupa kazi moja tu." Mama yake Ruwan alikuwa ameshika mikono ya Bibi anaisugua. Nikaangalia viatu vyangu.

Bibi akasema maneno kidogo, bila haraka. Wote wakanigeukia. Ruwan akaniuliza taratibu, "Achchi anasema wewe ndiye uliyetaka kupanda. Anasema ulikuwa unautazama mlima kama mtoto aliyenyimwa, na amekuja kukuonyesha unyayo wa baba yenu. Ni kweli?"

Nilikuwa sijamwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani; labda habari za Baba Adam alizisikia Kuwait. Nikahisi masikio yanawaka katika baridi ile, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Dubai nikajibu swali kama lilivyo. "Ni kweli," nikasema. "Nilitaka sana."

Mjomba akaanza tena, akisema hata hivyo hakukuwa na haja, nadhiri ameshaipeleka yeye, ameomba machozi yakamtoka. Bibi akafungua kitambaa chake, akawaonyesha sarafu. Kisha akamweleza Mjomba kitambaa alichokiombea kilikuwa na nini ndani.

Sijui neno la Kisinhala la kifungo, lakini nililiona likipita usoni kwake. Mama yake Ruwan akajifunika mdomo kwa shali. Ruwan alihangaika kujizuia, mabega yanatetemeka, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, akakaa chini kwenye ngazi pale miguuni pa bibi yake akaweka paji la uso juu ya magoti yale mabovu. Bibi akampapasa kichwa pale penye kovu. Alimwachia alie kidogo, si sana. Kisha akamsogeza kwa mwavuli ili apite.

Ngazi zilizobaki hakuna aliyemgusa ila mimi, kwa mgongo.

Juu tulivua viatu, sakafu inauma kwa baridi. Bibi akaiweka sarafu yake kwa mkono wake, akaunganisha viganja. Halafu akanivuta mkono kwenye foleni, tukafika penye unyayo. Umefunikwa. Kuna kitambaa, maua na fedha, na unyayo wenyewe wanasema uko chini ya jiwe. Sikuona kitu. Nilisoma Fatiha moyoni na kumsalimu Baba Adam, nikasogea kumpisha wa nyuma yangu.

"Shuft?" Bibi akaniuliza. Umeona?

"Shuft, Mama."

Akanitazama kwa jicho la mtu aliyepanda mara nyingi na anajua kinachoonekana pale. "Zein," akasema.

Kushuka

Tulilala kwenye banda la juu tumebanana, na asubuhi tukaona jua likichomoza, watu wote wakalipokea kwa sauti moja. Mjomba alikuwa mtu mwingine, ameanza hata kumpa Bibi chai kabla hajanywa yake. Tukafunga mizigo. Ruwan akamshika bibi yake mkono amsaidie ngazi ya kwanza. Bibi hakuinuka. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wake, amekunja miguu, ametulia.

Ruwan akamsemesha. Akajibu. Ruwan akanigeukia, hajui acheke au alie.

"Anasema nadhiri yake ilikuwa ya kupanda. Kushuka hakumwahidi mtu chochote."

Bibi akanyoosha mwavuli, akaupeleka polepole kwa Ruwan, akaupitisha kwangu, ukaenda ukasimama kifuani kwa Mjomba. Mjomba alitazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine. Kisha akageuka, akachuchumaa.

Tulipokezana watu watatu, lakini zamu za Mjomba zilikuwa ndefu, Bibi ndiye aliyepanga. Waliokuwa wakipanda walipomwona mzee amebebwa mgongoni, macho amefumba kwa raha, walidhani ni mgonjwa. Wakasimama pembeni, wakaunganisha viganja, wakamwombea huruma. Na kila walipofanya hivyo Bibi alifumbua macho akawajibu kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, na watu wakaangua kicheko. Nilimuuliza Ruwan anawaambia nini.

"Anawaambia yeye ni mzima wa afya," Ruwan akasema. "Anawaomba hiyo huruma wampe aliyembeba."